Benki Imemhesabu Mama Kama Hasara

Shangazi mpendwa, naomba unisaidie na usitaje jina langu, mimi ni msichana wa Form Three hapa Masara na hata darasani nikiulizwa swali huwa naangalia chini, kwa hivyo hii ndiyo mara ya kwanza namwambia mtu. Mama yangu huosha dhahabu, anakoroga mchanga na zebaki kwa mikono mitupu, na tangu mwaka jana mikono inamtetemeka hadi chai inamwagika kabla kikombe kifike mdomoni, na alikuwa amechukua mkopo wa benki kupitia kikundi chao cha akina mama, akachelewa kulipa. Juzi maofisa wawili wa mikopo walikuja kwa mkutano wa kikundi, na kwa sababu mama hajui Kiingereza huenda na mimi nimtafsirie. Mmoja akaangalia mikono yake, akamwambia mwenzake kwa Kiingereza, "Huyu tumeshatenga pesa za mkopo wake wote. Hata mwaka hamalizi." Mama akanigeukia, "Owacho ni ang'o?" anataka kujua amesema nini, na mimi, Shangazi, nikamwambia, "Anasema ana imani na wewe." Mama alifurahi! Akamwambia mwenyekiti wao, Rispa, "Umeona? Na wewe ulikuwa unanicheka eti mikono yangu inacheza ngoma ya ohangla." Tangu siku hiyo anaenda kuosha hata Jumapili ndiyo asiwaangushe, akirudi hawezi kufungua vifungo vya blauzi, mimi ndiye namfungulia huku nikikumbuka yale maneno. Sasa najiuliza, kama benki imeshatenga pesa ya deni lake, si deni limeisha? Si aache kwenda? Lakini nikimwambia limeisha ataniuliza kwa nini, na hapo nitasema nini, kwamba wanamngoja afe?

Mkalimani wa Mama, Masara

Shangazi Dorine anajibu:

Binti yangu, pole sana. Lakini deni halijaisha, usijidanganye. Benki hutoa sehemu ya faida yake na kuiweka kando kwa ajili ya mikopo inayohofia haitarudi, ili siku hiyo ikifika isiyumbe. Ni kama mama kuficha debe moja la mahindi baada ya kuona dumuzi wameingia gunia. Hajawapa dumuzi ruhusa ya kula. Benki bado itadai, na mama akishindwa, wenzake wa kikundi waliomdhamini ndio watabanwa.

Tena kutenga pesa ni kukisia tu. Yule ofisa aliona mikono na malipo yaliyochelewa, hakupima damu. Hana adabu, ndiyo, lakini hata wewe umekosea. Huo uongo wako wa huruma ndio unamrudisha kwenye zebaki kila asubuhi!

Mtoe huko leo. Mpeleke hospitali, Migori au hata Homa Bay, na umtajie daktari zebaki waziwazi. Siwezi kukuahidi kwamba mikono itatulia. Wengine hufika wakiwa wamechelewa. Kisha Rispa awasindikize benki, muombe malipo yapunguzwe na muda uongezwe, na muulize kama mkopo una bima ya ugonjwa.

Aibu yako naielewa, ila mama hana masikio mengine ya Kiingereza. Jioni hii ukimfungulia vifungo, mwambie alichosema yule mtu, chote. Atalia, pengine atakuchapa. Mwambie tu. Alikuuliza swali, na bado hujamjibu.