Anseli Anatembea Usingizini

Ijumaa, Mei 1994. Viwanja Sitini.

Na eti hakumbuki chochote.

Alfajiri nilisikia komeo la mlango. Nikamkuta Anseli, mume wangu, yuko uani macho wazi, amelala fofofo, anaelekea kisimani. Shemeji akakimbilia ndoo ya maji ammwagie. Nikamzuia. Nesi alishaniambia mtu wa hivyo hashtuliwi, anageuzwa taratibu arudi kitandani. Nikamshika kiwiko.

"Turudi ndani, baba."

"Shikamoo," akanijibu.

Nikaitikia marahaba. Miaka yote ya ndoa hajawahi kuniheshimu kiasi hicho.

Mchana nimefunika kisima kwa mbao na mawe, panga nimelifungia sandukuni. Kinachoninyima raha ni mpunga. Wiki ijayo anatakiwa kwenda kuulinda usiliwe na nguruwe pori, na kule shambani tunalala juu ya dungu, kibanda kilichoinuliwa kwa miti mirefu kuliko mtu. Akiinuka kule akaanza kutembea...

Jioni nimemwambia dungu nitapanda mimi.

"Wanaume wenzangu watanicheka."

"Wakucheke ukiwa mzima."

Akaenda kwa jirani kuniazimia tochi.