Tuliyoyaona Tulipomwosha Mwanahamisi

Likoni, Jumatano, 1962

Manyunyu tangu alfajiri. Winda za mwanangu Saumu zimegoma kukauka. Kila nikifumba macho namwona Mwanahamisi juu ya kitanda cha kuoshea, maji yakimpita ubavuni.

Alikuwa shoga yangu. Mtoto wake wa mwisho alitolewa kwa kupasuliwa, akaambiwa mimba nyingine itamuua. Akashika mimba tena, akaenda kwa Bi Mashavu, mkunga wetu, aitoe. Hata wiki haikwisha, tukamzika.

Tulimwosha mimi na Bi Rukia. Tuliyoyaona tukayafunika, maana ndiyo ada yetu: mwosha hatoi siri ya maiti.

Leo askari kaniletea samansi. Shemejiye marehemu amemshitaki Bi Mashavu, na kesho nitaulizwa kortini, ng'ambo ya feri, nilichokiona. Nikisema, mkunga aliyempokea Saumu ataozea jela. Nikinyamaza, huenda nikafungwa mimi, na Saumu bado ananyonya.

Bombani asubuhi hapakuwa na neno jingine.

"Sheria ni sheria," alisema Mama Mutua, jirani yetu wa kutoka bara. "Uhai ni wa Mungu. Kitabu chetu kimekataza."

"Na chetu kina yake," akajibu Bi Rukia. "Lakini huyo hakimu tumbo lake la biya tu, ya mimba atayajulia wapi?"

Tulicheka, hata Mama Mutua. Kisha Bi Rukia akanigeukia: "Mwosha huoshwa, mwanangu."

Kicheko kikanikauka.

Nikisema dini yangu yanikataza kutoboa siri, Mama Mutua atasema yake yamwamuru. Wanasema uhuru u karibu, sheria tutatunga wenyewe. Kwa kitabu cha nani? Si lazima pawe na neno ambalo mimi na yeye tutalielewa sote?

Na yule wa tumboni? Namtazama Saumu, ngumi kaikunja usingizini. Siwezi kusema hakuwa kitu.

Wala Bi Mashavu sijamsamehe, wallahi.

Ila juzi mke wa kinyozi mimba ilimtoka yenyewe. Damu haikatiki, naye akakataa hospitali, eti watamwita askari. Mama Mutua ndiye aliyembeba mgongoni hadi kwenye feri, akimgombeza njia nzima. Kidogo yule mke wa kinyozi afe kwa woga.

Neno langu ni hilo. Siri za miili yetu zikisemwa kortini, wanawake watajificha, na watakufa kwa kujificha. Hilo halitaki kitabu.

Adhuhuri nilimwendea Mama Mutua nikamwambia sitasema, na sababu yangu.

"Mimi bado nasema yule mkunga afungwe," akajibu.

"Najua, dada."

"Na wewe wakikufunga?"

Mama Mutua akamchukua Saumu mapajani pangu, akafungua kifua. Yeye pia ana mtoto mchanga nyumbani.

"Lete tumjaribu kama atanikubali."

Saumu alilia, akageuza uso, akalia tena. Halafu akanyonya.

Basi kesho navuka.