Dakika Mbili za Kifungu cha Tisa

Jumamosi, 7 Februari
Nimejitolea! Mimi, ambaye mwalimu akiuliza swali najifanya natafuta kalamu chini ya dawati. Nipo Kisarawe kwa Mjomba Zahoro. Redio yake, Mkorosho FM, bado imefungiwa, leo siku ya kumi na tisa. Kwa barua moja tu. Hakuna aliyemwita ajieleze. Wasikilizaji wa kipindi chake cha salamu wamejaa uani na rasimu ya sheria mpya ya utangazaji—Kiingereza kitupu. Wabunge wanakuja Kibaha Jumamosi ijayo kukusanya maoni. Babu Jumbe, mwenyekiti wa klabu yao ya salamu, akauliza nani anaijua hiyo lugha vizuri. Mkono wangu ukapanda wenyewe. Wallahi.

Jumapili, 8 Februari
Kurasa kumi na moja, nimetafsiri zote! Balaa liko kifungu cha tisa. Waziri anateua bodi nzima, bodi inafungia redio, na rufaa unapeleka—kwa waziri. Nikawasomea huku nimetazama chini. Bi Siwema wa maandazi akaniambia nirudie. Nikarudia.
"Yaani anayekupiga ndiye unayempelekea kesi?"
Watu walicheka mpaka kuku wakakimbia. Tumeandika ombi: bodi isiwe ya waziri, na redio isikilizwe kabla ya kufungiwa. Karatasi za sahihi zinaanza kuzunguka kesho. Mimi nimeshasaini.

Jumatano, 11 Februari
Nimerudi nyumbani Misugusugu. Mjomba kaleta karatasi nizipange. Sahihi 312! Halafu nikazisoma.
Wamejiandika majina ya salamu. Wote! "Baharia wa Nchi Kavu." "Mama Wawili Hana Presha." "Simba Mzee wa Maneromango"—yupo mara mbili, miandiko tofauti. Mjomba kampigia karani wa kamati ya wabunge: hayahesabiwi. Ila mtu akija mwenyewe na kitambulisho atapewa dakika mbili.
Siwezi hata kuwacheka. Wa kwanza kabisa, "Waridi la Misugusugu", ni mimi. Mwaka wa pili huu natuma salamu, hata Mama hajui.

Alhamisi, 12 Februari
Nimemweleza Yasmin, tunakaa dawati moja. Akasema nami niende nikaseme. Halafu akajicheka mwenyewe: mimi hata mahudhurio naitikia kwa kunong'ona. Nimeuliza kama kitambulisho cha shule kinakubalika. Nilitumaini hapana. Kinakubalika.

Jumamosi, 14 Februari
Ukumbini, Kibaha. Naandikia mapajani.
Wamekuja na lori la mchanga—watu arobaini na mmoja! Karani anaita jina la kwenye kitambulisho, wanatazamana, hawajuani kwa majina hayo. Kumbe Baharia ni fundi cherehani, anaitwa Godbless! Wameanza kukumbatiana. Mwenyekiti wa kamati kaomba utulivu, lakini naye anacheka.

Bado tu. Ngoja niandike, maana sitaamini kesho. Kila anayepewa maikrofoni anatuma salamu! Bi Siwema kawasalimu wanawe wa Mlandizi, wakweze, na waheshimiwa wabunge mmoja mmoja. Kengele. Babu Jumbe kafika mpaka majirani wa Kongowe. Kengele. Mjomba kule nyuma kashika kichwa. Watu ishirini na sita wameshasema, na bodi hajaitaja mtu! Wala rufaa. Wala kifungu cha tisa.

Wengine muda hautoshi, wamekata orodha. Wamebaki watatu. Wa tatu ni mimi.

Bi Siwema karudi kukaa karibu yangu, anatabasamu, anadhani kamaliza kazi. Nimemnong'oneza kwamba hakusema. Kafikiri kidogo.
"Basi sema wewe, mwanangu. Sisi tumeshakusalimia watu wote."

Wamebaki wawili. Yasmin, aliyenisindikiza, kaninyang'anya karatasi ya hotuba, anasema sentensi ya kwanza tu inatosha, nyingine zitanifuata.

Kengele. Karani ameita majina yangu, yale ya shule, yote matatu. Ukumbi mzima unageuka kumtafuta huyo nani. Mjomba anasimama aone vizuri. Karani anarudia.
Nimesimama. Naandika huku nimesimama