Siku Nilipomtaja Mkwe Kwenye Kipaza Sauti

Utende, Mafia

Mama mpendwa,

Mugonile, Mama. Natumaini barua hii inakukuta salama, na miguu haikusumbui tena kama wakati wa masika. Mimi mwili ni mzima. Nakula, nalala, na kile kikohozi nilichokuambia kimekwisha. Mpunga umeshavunwa wote? Na ile mikakao iliyokuwa inaoza matunda, imepona? Nayauliza haya kwa moyo, lakini najua nawe unajua kwamba sikukaa kuandika kwa ajili ya mikakao. Nina aibu, Mama. Tangu asubuhi naizunguka karatasi hii kama kuku anayetafuta pa kutagia.

Nianze na sherehe yenyewe, maana huko nyumbani mmeiona vipande vipande kwenye simu. Nilikwambia kwamba mwaka huu naacha kazi. Masikio yamechoka, na daktari amenikataza kuzamia tena. Wenzangu hapa kituoni, tunaowafundisha wageni kuzamia baharini, wakasema Mama Lusajo haondoki kimya kimya. Wakapika pilau, wakaleta keki yenye umbo la mtungi wa hewa, ule tunaoubeba mgongoni tukishuka chini. Wakaja wageni, wakaja na vijana niliowafundisha, wengine vichwa vimeshaanza mvi. Mama, sitakudanganya, nilifurahi. Mwanamke wa Ngonga aliyeanza kwa kuosha masufuria ya watu, leo anapigiwa makofi na watu waliopanda ndege kuja kumwona.

Kisha wakanipa kipaza sauti. "Tuambie ulianzaje," wakasema.

Ningeweza kuanza pale Matema. Ningesema habari za wale jamaa waliokuwa wakizamia kwenye miamba kukamata samaki wadogo wa rangi wa kuuza ng'ambo, mimi nikiwa mpishi wao, na jinsi siku moja miwani ya maji ya mmoja wao ilivyodondoka pa kina nikaifuata hivi hivi, bila mtungi, nikarudi nayo. Ningesema walivyonifunga mtungi kwa mara ya kwanza. Nilivuta hewa chini ya maji nikalia ndani ya miwani, maana sikujua kwamba binadamu anaweza kukaa kule akatulia, na samaki wakampita puani bila kumwogopa. Maji ya Nyasa siku hiyo yalikuwa meupe hadi chini. Pamoja na kazi yote niliyofanya huku baharini, na uzuri wote niliouona, sijapata tena siku kama ile. Hayo ndiyo yalikuwa maneno ya kusema. Lakini watu walikuwa wameshaanza kucheka, na mimi kicheko cha watu kinanilewesha. Nikaanza na kisa cha Baba mkwe.

Unakijua. Nilikuwa mke mpya, hata msimu mmoja sijaumaliza hapo kwako. Niko ziwani naosha vyungu, mara Baba huyo, anakuja ufukweni na nyavu begani. Kwetu mkamwana haonani na mkwewe. Sasa nitajificha wapi, na pale ni mchanga mtupu, hata kichaka cha kumstiri mbuzi hakuna? Nikaingia majini, nikazama. Baba akasimama kuongea na mtu wa mtumbwi, nami huko chini nimeng'ang'ania mchanga, kifua kinawaka moto. Nilipoibuka alikuwa ameondoka. Basi nikawaambia watu kwamba huko ndiko kuzamia kwangu kwa kwanza, na mwalimu wangu alikuwa mkwe.

Ningeishia hapo labda pasingeharibika neno. Lakini mdomo ukishapata njia haurudi. Nikaanza kumwigiza. Nikaiga kikohozi chake, nikaiga anavyotembea mikono nyuma. Nikasema tangu siku ile hakupita tena ufukweni, bila shaka aliona mapovu yanatoka majini akadhani ziwa lina zimwi, mzee wa kanisa mzima akatimua mbio. Watu wakashika mbavu. Na katika kunogewa huko, Mama, nikalitaja jina lake. Jina ambalo tangu niolewe halijapita midomoni mwangu, ambalo hata maneno yanayofanana nalo nilikuwa nayakwepa, nililisema kwenye kipaza sauti mbele ya watu. Na kijana mmoja alikuwa anarekodi.

Wifi Atupele ndiye aliyenipigia. Alikuwa dukani kwake Kasumulu, akaonyeshwa video na wateja wake waliovuka kutoka Malawi. Hakunisalimu kwa kirefu.

"Wifi, umetuvua nguo," akasema.

Nikajitetea. Nikamwambia siku hizi wakamwana wanakula meza moja na wakwe zao, hata mchungaji alishasema jambo lile si dhambi.

"Mimi sijasema dhambi. Nasema Baba. Unajua kwa nini aliacha kupita ufukweni?"

"Sijui."

"Siku ile aliona vyungu vyako mchangani, na mwenyewe hupo. Akajua uko chini. Alikuja nyumbani, anamwambia Mama, 'Mtoto wa watu atakufa kwa ajili yangu.' Tangu hapo akawa anapitia majarubani. Wewe ukadhani amekimbia zimwi."

Nayajua majaruba yetu ya mpunga, Mama, masika yakishika, mto ukishafurika hadi mtu hajui wapi njia na wapi shamba. Yeye alipita humo na nyavu begani, tope magotini, mwaka baada ya mwaka, na ufuko mweupe uko pale pale ananiachia mimi na vyungu vyangu. Nawe ulijua. Nakumbuka ulivyokuwa ukimchotea maji ya kunawa miguu, nami jikoni najiuliza mzee huyu anapita wapi hadi anachafuka hivi. Hamkuniambia, kwa sababu hakufanya ili niambiwe.

Na lipo jingine, hili nililijua muda wote, sina wa kumsingizia. Wale wa Matema waliponitaka nizamie nao, marehemu baba Lusajo alikataa katakata. Mke wake hawezi kuvaa nguo ya mpira ya kubana mbele za wanaume. Baba ndiye aliyemwita akamwambia, "Mwache aende. Maji yameshamjua." Neno hilo ulinipa wewe, Mama, tukiwa tunapepeta mchele. Lisingetoka neno hilo ningekuwa nimezeeka bila kujua kuna nini chini ya maji. Kwenye sherehe nimemshukuru tajiri wa kituo, nimewashukuru wapishi, hata fundi wa injini ya boti nimemshukuru. Baba nikamfanya kichekesho.

Wifi anasema wanaume kwenye mashine ya kukoboa wanamuuliza Baba kama zimwi hajambo, na sasa haendi tena kukaa na wenzake pale. Anasema Jumamosi yeye alipokuja nyumbani, Baba alimwomba simu. Kwa kuwa macho hayaoni vizuri aliiweka sikioni, akasikiliza mpaka mwisho, vicheko na yote. Wifi aliogopa atafoka. Akamrudishia simu yake, akauliza kitu kimoja tu.

"Kumbe ndiyo sauti yake?"

Miaka yote niliyokaa katika ua wake, nimezaa pale, nimemzika mume wangu pale, na kila alipokaribia nilifunga mdomo kwa heshima. Kilio changu alikisikia siku ya msiba. Neno, kamwe. Amengoja hadi uzee huu, na neno la kwanza kulisikia kutoka kwangu likawa lile.

Nilipanga nikiondoka huku nije kuishi katika nyumba aliyoiacha baba Lusajo. Sasa sijui kama nina uso wa kuingia uani kwenu. Wifi anasema nije na ng'ombe, wazee wakae, yatakwisha. Nitaleta chochote watakachosema, lakini nyama haimtoi mtu kilichomwingia sikioni. Naomba umuulize mwenyewe. Usimjibie, Mama, nakujua ulivyo na huruma. Akitaka nikae mbali, dada yangu wa Njisi ana chumba, nitakaa huko na sitanung'unika. Akikubali nije, nitakuja mchana, watu wakiona, na akipita mimi ndiye nitakayetoka njiani. Magoti ni mabovu, lakini nitachutama nijifunike kanga kama mke aliyeletwa jana, na hao wa mashine ya kukoboa watazame wanavyotaka.

Nisalimie shemeji Ambakisye na mkewe, na pole kwa mtoto kuvunjika mkono. Msalimie mama mchungaji aliyenifundisha kushona. Wifi Atupele mwambie sikumkasirikia, yeye ndiye aliyenipenda kuliko wote waliopiga makofi. Lusajo akipita kutoka Mbeya mwambie mama yake ni mzima.

Najua umejaribu kunipigia, Mama, ukakuta simu imezimwa. Niliizima mwenyewe. Wewe huzungumza na simu ikiwa imefunguliwa sauti kubwa, na Baba hukaa hapo hapo karibu, angenisikia tena. Ndiyo maana nimeandika. Kama ataridhia, msomee barua hii yote tangu juu, kwa sauti yako wewe.

Ndaga fijo, Mama, asante sana.

Mimi mkamwana wako,
Mama Lusajo