Sanduku la Vioo la Baba Chérie

Baba Chérie,

Ndagala ziko mu sufuria, bukari ya kula nazo nimefunika. Chérie asikaribie sanduku lako la vioo.

Wiki sita ulichunga maji na mawe bila samaki, ati maji yakomae kwanza. ~~Nilikuwa na haki ya kukucheka.~~ Nilikosea kukucheka.

Asubuhi robinet ya maji ilikauka, nikaingiza ndoo mu sanduku lako nipate maji ya kufulia. Samaki wako mmoja, urefu wa kidole, akatoka mu gamba la konokono, akasimama mbele ya ndoo. Nyuma yake kulikuwa na watoto, wadogo kuliko mchele, macho yao tayari yanaonekana. Nikatoa ndoo polepole, kama niliyeingia kwa watu bila hodi.

Nimezaliwa kando ya ziwa hili, samaki wake nimekula maisha yote. Leo mmoja amenikataza, na nimetii.

Niko ziwani, nateka maji.

Mama Chérie