Maji Niliyokuletea Nyuma ya Jiko

Yaya wangu, ndugu yangu mkubwa,

Barua hii sijaitia bahasha. Nimempa dereva wa lori anayekwenda Lubumbashi, nikamwambia amsomee yeyote anayekufahamu, maana simu zangu huzipokei na siri zimenichosha. Tangu tumzike Papa, baba yetu, mimi mudogo wako kichwa hakitulii. Naanza neno hili naishia lingine, basi univumilie.

Unalikumbuka lile beseni la bluu, ambamo Mama aliweka ndagala, wale dagaa wa ziwani?

Tulizaliwa katika nyumba moja ya ufalme, tukipishana miaka miwili, lakini tulilelewa kama watoto wa nchi mbili. Wewe ulikuwa wa kukirithi kiti cha Papa, mimi wa kutumwa. Kuku akichinjwa, firigisi ni yako na shingo ni yangu. Mrithi hachapwi, kwa hiyo tukivunja kikombe wote wawili, fimbo zako nilizipokea mimi juu ya zangu. Nilikuonea wivu kweli, sikufichi.

Ila tulipofika ufukoni wivu uliniisha. Mwiko mkubwa wa ukoo ulikuwa juu yako: anayekikalia kiti, na anayekingoja, mguu wake hauingii ziwani. Kwa nini? Papa alisema babu yetu mmoja alizama. Papa Kisimba, yule mzee mlinzi wa kiti, alisema sisi ni watu wa milimani na ziwa lina wenyewe. Mama, akiwa peke yake na sisi, alisema ni ili mrithi asitoroke. Hadi leo sijui nimwamini nani.

Mji wetu wote wa Kalemie unaoga ziwani. Mimi na watoto wa mtaa tulipiga mbizi, na wewe ulikaa kwenye mchanga mkavu na viatu vyako vya shule, unatuchungia nguo. Mtoto wa mfalme, mlinzi wa kaptula! Tulikucheka, nawe ulicheka pia, lakini kicheko chako kilikuwa kinachelewa kidogo.

Nilikuwa na miaka tisa, wewe kumi na mmoja. Mchana mmoja wakubwa walikuwa msibani. Nilichota maji ya ziwa kwa bidoni, dumu la lita tano, nikapanda nayo hadi nyumbani, nikayamimina katika beseni la Mama nyuma ya jiko. Nikakuita. Uliyatazama, ukajua ni ya ziwa. Kisha ukavua viatu, ukaingiza mguu wa kulia, halafu wa kushoto, na harufu ya ndagala ikapanda mpaka puani.

"Kumbe njo hivi tu?" ulisema. Ukanitazama. "Sasa tuko sawasawa."

Halafu ulilia. Au ulicheka? Nakumbuka mabega yakitikisika, basi. Uliniapisha nisimwambie mtu hata siku moja, nikaapa.

Miaka kumi baadaye ulipanda lori, ukaaga kwamba unakwenda kusoma, hukurudi. Hata kumzika Papa hukuja. Ulituma neno moja kwenye simu ya Mama: Poleni. Najiuliza kila siku kama ulikikimbia kiti, au ulikimbia kwa sababu ulijua miguu yako imekwisha kukikosea. Kama ni hilo la pili, basi aliyekufukuza nyumbani ni mimi na bidoni yangu.

Wiki iliyopita Papa Kisimba alikuja na wazee. Kiti hakiwezi kukaa bila mtu, wamesema, na wako tayari kukufuata huko uliko. Lakini kwanza wanataka shahidi. Aliniita mbele ya Mama.

"Wewe njo ulikuwa unalala naye kitanda kimoja," alisema. "Siku ya posho, hii Jumamosi, kwenye kaburi ya papa yenu, mbele ya watu, utatuambia: muguu yake iliingia mu ziwa, ao hapana?"

Nilitaka kumuuliza kama maji ya ziwa yakiwa ndani ya beseni bado ni ziwa. Nikisema hapana, Jumamosi nitakuwa nimeapa uongo mbele ya kaburi la Papa. Nikisema ndiyo, wewe unatolewa, na kiti kinanijia mimi mdogo. Nani ataniamini? Mji mzima utasema nimemuuza ndugu yangu. Nitasema kweli na nitaonekana mwongo.

Na kuna baya zaidi. Sijui kwa nini nilikuletea yale maji. Miaka yote nimejiambia ilikuwa huruma. Lakini nakumbuka njiani, mpini wa bidoni ukinikata vidole, niliwaza: siku hiyo ikipita na mwiko umevunjika, firigisi atapewa nani? Mtoto wa miaka tisa anajua anachotaka, Yaya? Mimi mtu mzima mwenye mke bado sijui.

Huenda umesikia kwamba ziwa limepanda. Limekula barabara ya chini, na juzi likaingia nyumbani kwetu hadi chumba cha Papa. Mama amehamia kwa dada yake kule mlimani. Niliingia peke yangu kukitoa kiti kabla hakijaoza. Maji yalinifika kwenye vifundo vya miguu. Kiti chenyewe ni kidogo, Yaya, nilikuwa nimesahau. Kile tulichokatazwa hata kukigusa kwa kidole, naweza kukibeba kwa mkono mmoja. Nilikishika ili nikiinue. Sijui nini kilinipata. Nilikikalia.

Nilikaa kidogo tu, miguu yangu yote miwili ndani ya ziwa. Niliona raha, halafu nikaona aibu, halafu hofu, nikasimama. Hakuna aliyeniona.

Jumamosi nitawaambia yote, la beseni na hili la juzi. Kiti hakitakuwa chako wala changu; wazee watafute wao mtu wa kumweka. Sijui kama watanilaani, sijui Mama atanitazama vipi, sijui kama una cha kunisamehe au mimi ndiye ninayekudai samahani kwa kuondoka kwako. Nimechanganyikiwa hivyo. Ila njia ya nyumbani usiiogope tena. Mrithi na mdogo wake wote wamelowa miguu.

Sasa tuko sawasawa.

Mimi, mudogo wako