Sauti Isiyosalimu

Mjukuu wangu Tumaini,

Kamwene, mume wangu. Huku Igowole baridi imetubana, ila shangazi yako amepona na chai inachumwa.

Umeniuliza kama hofu ya hao wakurugenzi na mawakili unaowafundisha sheria za mtandao huko Mbeya, kwamba sauti ya mtu yaweza kuigwa ili kuibia watu, ni ya bure. Si ya bure. Nikiwa msichana nilikuwa naunganisha simu kwenye shamba la chai. Siku moja nikaisikia sauti ya meneja ikimwamuru mtunza ghala afungue milango. Ilikuwa yake kabisa, hata kikohozi. Lakini meneja wetu hakuanza neno lolote bila kusema kamwene, na sauti ile haikusalimu. Nikampigia ofisini kwake. Alikuwepo, na hakuwa ameagiza kitu.

Sasa sikiliza. Jana sauti yako ilinipigia, ikataka namba yangu ya siri haraka haraka. Haikunisalimu. Nilikata, nikachukua karatasi hii.

Kama ulikuwa wewe, nitakugombeza. Kama hukuwa wewe, sauti yako wameipata wapi?

Usinipigie kunijibu. Njoo.

Bibi yako